Kufuatilia Hoki ya Ligi Ndogo Mjini Hartford Baada ya Whalers Kuondoka: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa kwa miaka mingi na wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Connecticut na majimbo ya jirani, na mengine na ndugu walioko nyumbani ambao huona picha za uwanja na kutaka kujua ni mchezo gani huo unaochezwa katika baridi namna ile. Hoki inayozungumzwa hapa ni hoki ya barafuni, wala si mpira wa magongo wa kwenye nyasi unaofahamika Nairobi na Dar es Salaam. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu.

Whalers ilikuwa timu gani, na kwa nini watu wa Hartford bado wanaizungumzia?

Hartford ni makao makuu ya jimbo la Connecticut, mji wa makampuni ya bima, ulio katikati ya Boston na New York. Miji hiyo mikubwa miwili ina timu za kila mchezo, na Hartford ilikuwa na moja tu ya ngazi ya juu kabisa, nayo ni Whalers. Timu hiyo ilianza kama New England Whalers katika ligi ya WHA, ligi iliyokuwa ikishindana na NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, na mwaka 1973 ikachukua ubingwa wa kwanza wa ligi hiyo. Ilihamia Hartford mwezi Januari 1975, katika uwanja mpya wa Civic Center uliojengwa katikati ya mji.

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Januari 1978, paa la uwanja huo lilianguka kwa uzito wa theluji, saa chache tu baada ya watu takriban 5,000 kutoka humo walipokuwa wakitazama mpira wa kikapu. Hakuna aliyekufa. Kwa miaka miwili timu ikawa inacheza Springfield, Massachusetts, na mashabiki wakawa wanaifuata huko kwa barabara kuu namba 91, usiku, katika baridi, ili kuitazama timu ya mji wao katika mji wa wengine. Ninalitaja jambo hili mapema kwa sababu watu husema kwamba Hartford haikuipenda timu yake, na mtu anayesema hivyo anapaswa kwanza kuulizwa kama anaijua habari ya barabara hiyo.

Mwaka 1979 Whalers iliingia NHL pamoja na Edmonton, Quebec na Winnipeg. Katika msimu huo wa kwanza Gordie Howe, mmoja wa wachezaji mashuhuri kabisa wa mchezo huu, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 50, alicheza mechi zote 80 na kufunga mabao 15, huku wanawe Mark na Marty wakiwa katika timu hiyohiyo. Kwa misimu 18 ya NHL timu ilishinda duru moja tu ya mtoano, dhidi ya Quebec mwaka 1986. Vikombe havikuwapo, kwa hiyo kilichobaki ni mapenzi yenyewe, na ile nembo iliyochorwa na Peter Good: chini kuna herufi W, juu yake mkia wa nyangumi, na ukitulia ukatazama ile nafasi nyeupe iliyo kati yake utaiona herufi H ya Hartford.

Iliondokaje?

Mfanyabiashara Peter Karmanos aliinunua mwaka 1994. Katika mwaka 1996 mashabiki waliambiwa wanunue tiketi 11,000 za msimu ili timu ibaki. Walinunua zaidi ya 8,000, kwa timu ambayo tangu 1992 haikuwa imefika hatua ya mtoano. Mazungumzo na serikali ya jimbo kuhusu kujenga uwanja mpya yalivunjika, na tarehe 26 Machi 1997 ikatangazwa kwamba timu itaondoka mwisho wa msimu. Mmiliki alikubali kulipa dola milioni 20.5 ili aondoke mwaka mmoja kabla ya muda aliokuwa ameahidi.

Mechi ya mwisho ilichezwa tarehe 13 Aprili 1997 dhidi ya Tampa Bay, Whalers ikashinda 2–1, na bao la mwisho katika historia ya timu likafungwa na nahodha Kevin Dineen. Timu ikawa Carolina Hurricanes, ikacheza Greensboro misimu miwili huku ikisubiri uwanja wake wa Raleigh, na mwaka 2006 ikachukua Kombe la Stanley, yaani taji la NHL.

Msomaji wa Tanzania anaweza kulielewa jambo hili kwa kukumbuka Ihefu ya Mbarali, ambayo mwaka 2024 ilikuja kuwa Singida Black Stars. Tofauti ni kwamba Marekani jambo la namna hiyo ni la kawaida: nafasi katika ligi ni mali ya mmiliki, na mmiliki akihama huhama nayo.

Je, Hartford Wolf Pack ndiyo Whalers iliyopewa jina jipya?

Hapana, na ni vizuri hili lieleweke tangu mwanzo. Wolf Pack ni timu ya AHL, ligi iliyo ngazi moja chini ya NHL, nayo ilianza kucheza Hartford katika vuli ya mwaka huohuo wa 1997, miezi michache baada ya Whalers kuondoka, na katika uwanja uleule. Ilitoka Binghamton, mji mdogo wa jimbo la New York, ambako ilikuwa ikiitwa Binghamton Rangers. Maana yake ni kwamba timu iliyokuja kutufuta machozi iliwaacha wengine wakilia, na sijawahi kuisahau Binghamton ninapozungumza kuhusu dhuluma iliyotupata sisi.

Jina Wolf Pack, yaani kundi la mbwa mwitu, lina uhusiano na nyambizi, maana nyambizi zinazowinda pamoja ziliitwa hivyo, na Connecticut ni jimbo linalounda nyambizi, huko Groton. Ndiyo sababu yule mbwa mwitu anayechekesha watoto uwanjani anaitwa Sonar, jina la kifaa ambacho nyambizi hutumia kusikiliza majini.

Ligi ndogo maana yake nini? Bingwa wa AHL hupanda daraja?

Hili ndilo swali ninaloulizwa mara nyingi zaidi na watu waliokulia katika soka, na jibu lake huwashangaza: hakuna kupanda wala kushuka daraja. Wolf Pack inaweza kushinda kila mechi, na mwaka unaofuata itakuwa palepale. Mwaka 2000 ilichukua Kombe la Calder, ambalo ni taji la AHL, kwa kuifunga Rochester Americans katika fainali, na msimu uliofuata ikarudi kucheza na timu zilezile.

AHL ilianzishwa mwaka 1936 na sasa ina timu 32, sawa na idadi ya timu za NHL, kwa sababu kila timu ya NHL ina timu moja ya AHL inayolelewa nayo. Timu mama ya Wolf Pack ni New York Rangers. Rangers ndiyo inayowasajili wachezaji wengi, inawalipa, na inaamua nani acheze New York na nani acheze Hartford. Chini ya AHL kuna ECHL, iliyoanzishwa mwaka 1988, ambako hucheza wale ambao bado hawajapata nafasi au ambao nafasi yao imepita. Kwa hiyo anayepanda hapa ni mchezaji mmoja mmoja, na timu hubaki pale ilipo.

Nilianza kumpenda mchezaji mmoja, na katikati ya juma akatoweka. Amekwenda wapi?

Ameitwa New York. Hongera kwake, na pole kwako.

Timu ya NHL huruhusiwa kuwa na wachezaji wasiozidi 23 kwa sehemu kubwa ya msimu, na katika mechi moja huvaa jezi 20, wakiwemo walinda mlango wawili. Mmoja akivunjika kidole mazoezini asubuhi, simu hupigwa Hartford mchana, na kijana aliyekuwa afunge mabao yako Ijumaa yumo garini akielekea New York, safari isiyozidi saa tatu. Nafasi yake Hartford hujazwa na kijana aliyepandishwa kutoka ECHL, ambaye huenda amefika alasiri hiyohiyo na ambaye jezi yake bado haina hata mkunjo wa kuvaliwa. Kwa hiyo mtu mmoja anapoumia New York, timu mbili za chini yake hutikisika, na wewe uliyenunua tiketi huyasoma majina mapya katika orodha huku wachezaji wakiingia barafuni.

Kuna njia mbili za kulipokea jambo hili. Wapo wanaolichukia, na ninawaelewa. Mimi nilichukua muda mrefu kuzoea, kisha nikagundua kwamba ninachokitazama Hartford ni kitu ambacho shabiki wa New York hawezi kukiona kamwe, yaani mchezaji kabla hajawa yeye. Igor Shesterkin alikuja kutoka Urusi akalinda lango la Hartford katika mechi 25 tu za msimu wa 2019–20, na kufikia Januari 2020 alikuwa ameshaitwa; miaka miwili baadaye alipewa tuzo ya mlinda mlango bora wa NHL. Ryan Callahan, Dan Girardi, Mats Zuccarello na Cam Talbot wote walipita hapa. Hata makocha hupita: Kris Knoblauch alikuwa kocha wa Hartford hadi Novemba 2023, akachukuliwa na Edmonton Oilers katikati ya msimu, na Juni iliyofuata akawa katika fainali ya Kombe la Stanley.

Lakini wapo pia wanaobaki, na kwangu hao ndio moyo wa ligi ndogo. Ken Gernander alikuja na timu kutoka Binghamton mwaka 1997, akawa nahodha, akalinyanyua Kombe la Calder, akacheza hapa mpaka mwaka 2005, na baadaye akawa kocha mkuu kwa miaka kumi. Katika maisha yake yote ya uchezaji alicheza mechi 12 tu za msimu wa kawaida wa NHL. Jezi namba 12 ya Wolf Pack imestaafishwa kwa heshima yake. Ukitaka kujua Hartford ilimpenda nani baada ya 1997, anza na mtu huyo.

Kiwango cha mchezo kiko chini sana?

Si kama unavyodhani. Karibu asilimia 90 ya wachezaji wa NHL wamepita AHL, na tofauti kati ya ligi hizi mbili mara nyingi ni nusu sekunde: katika NHL pasi hufika kabla mlinzi hajageuka, na katika AHL hufika anapogeuka. Kasi ipo, kugongana kupo, na makosa yapo mengi zaidi, jambo ambalo huleta mabao ya namna ambayo hutayaona kwingine.

Ligi yenyewe imejiwekea kanuni ya kuhakikisha kwamba vijana wanacheza. Kati ya wachezaji 18 wa barafuni, ukiacha walinda mlango, angalau 13 lazima wawe wale ambao bado hawajacheza mechi nyingi za kulipwa. Wakongwe huwa wachache, nao huwekwa ili wawafundishe wengine, na ukiwatazama kwenye benchi utawaona wakimwinamia kijana sikioni baada ya kosa, wakimwonyesha kwa kidole mahali alipopaswa kusimama.

Nilikuwa shabiki wa Whalers. Je, kuishangilia timu inayolelewa na New York si usaliti?

Swali hili huulizwa na watu wazima wenye majonzi ya kweli, na hawastahili kujibiwa kwa haraka.

Rangers walikuwa wapinzani. Watu walikua wakifundishwa kutoipenda jezi ile, kisha uwanja wao uleule ukakabidhiwa watoto wa timu hiyo. Kuna wenyeji wa hapa ambao tangu Aprili 1997 hawajakanyaga tena uwanjani, na sidhani kama mtu yeyote ana haki ya kuwalaumu. Nilipokuwa ningali mgeni katika mchezo huu, mbele yangu alikuwa akikaa mzee mmoja aliyevaa jezi ya kijani ya Whalers iliyopauka mabegani na kuchanika kiwikoni, ambako mtu alikuwa ameishona kwa uzi usiofanana na kitambaa. Wolf Pack ilipofunga, hakusimama. Alipiga makofi matatu, polepole, kisha akaweka mikono magotini. Nikamwuliza wakati wa mapumziko kwa nini anakuja kama hafurahi. Akanijibu kwamba anafurahi sana, ila kusimama alikwisha kusimama kwa ajili ya timu nyingine.

Mimi huwajibu hivi wanaoniuliza: hukutakiwa kubadilisha mapenzi. Ligi ndogo haikudai kiapo, na katika uwanja huu jezi ya kijani huvaliwa bila mtu kumwuliza mwenzake. Darini bado zinaning'inia bendera za Whalers, na ni Wolf Pack walioongeza tatu mwezi Januari 2006, za Ron Francis, Kevin Dineen na Ulf Samuelsson. Timu iliyokuja baadaye imewapandishia heshima wachezaji wa timu iliyotangulia, juu ya barafu yake yenyewe, na sioni usaliti kwa mtu anayekaa chini ya bendera hizo na kutazama mchezo.

Basi si afadhali kuifuata Carolina Hurricanes, kwa kuwa ndiyo timu ileile?

Kisheria ndiyo timu ileile, na nembo ya nyangumi ni mali yao. Tangu Desemba 2018 wamekuwa na mechi ambazo huvaa jezi za Whalers. Baadhi ya watu wa Hartford hufurahi kuiona nembo barafuni tena, na wengine huzima televisheni. Mimi ni miongoni mwa hao wa pili, kwa sababu herufi H iliyo katikati ya nembo ile haisomeki Raleigh.

Nimesikia kwamba Wolf Pack iliwahi kuitwa Connecticut Whale. Ilikuwaje?

Howard Baldwin, mmoja wa waanzilishi wa Whalers, alirudi akachukua uendeshaji wa biashara ya timu, na Novemba 2010 jina likabadilishwa kuwa Connecticut Whale. Nia ilikuwa kuamsha hisia za zamani na kuionyesha NHL kwamba soko bado lipo. Februari 2011 timu ilicheza na Providence Bruins katika uwanja wa wazi wa Rentschler Field, East Hartford, mbele ya watu zaidi ya 20,000. Lakini mahudhurio ya siku za kawaida hayakubadilika kwa kiasi kilichotarajiwa, na mwaka 2013 jina la Wolf Pack likarudi. Naona lilikuwa jaribio lililofanywa kwa mapenzi, ila wachezaji vijana walikuwa wakibebeshwa jina la marehemu, na nilifarijika liliporudishwa lao.

Wapinzani wakubwa ni nani?

Springfield Thunderbirds, walio umbali wa kilomita 40 tu kwa ile barabara namba 91. Providence Bruins, wanaolelewa na Boston. Na Bridgeport, timu iliyokuwa ikilelewa na New York Islanders katika jimbo letu hilihili. Ukaribu huu ni jambo ambalo NHL haiwezi kukupa: unaweza kumaliza kazi saa kumi na moja jioni, ukaendesha gari, ukaona mechi ya ugenini, na ukalala kwako. Mwaka 2023, baada ya kukosa mtoano tangu 2015, Wolf Pack iliitoa Springfield, kisha ikaitoa Providence, kisha ikakutana na Hershey ikafungwa mechi tatu mfululizo. Mwaka 2024 ikaitoa tena Providence, na ikakutana tena na Hershey, na mambo yakawa yaleyale. Hershey walichukua ubingwa miaka yote miwili, kwa hiyo angalau tulifungwa na mabingwa.

Miji mingine iliyoachwa na timu kubwa ilifanyaje?

Kila mmoja kivyake. Winnipeg ilipoteza Jets mwaka 1996, na mwaka huohuo ikapata Manitoba Moose, timu ya ligi ndogo ambayo kwa miaka 15 iliufanya mji uendelee kuwa na desturi ya kwenda uwanjani. Mwaka 2011 NHL ikarudi, timu ya Atlanta Thrashers ilipohamishiwa huko. Hao ndio kila shabiki wa Hartford huwataja anapotaka kujipa moyo.

Quebec ilikuwa na bahati mbaya zaidi. Nordiques waliondoka mwaka 1995 kwenda Denver, na katika msimu wao wa kwanza huko wakachukua Kombe la Stanley. Timu ya Rafales iliyowafuatia ilidumu misimu miwili tu, 1996 hadi 1998. Kisha wakaletewa Citadelles, timu iliyokuwa ikilelewa na Montreal, yaani hasimu mkubwa wa mji huo, nayo ikaondoka mwaka 2002. Atlanta imeachwa mara mbili, mwaka 1980 na mwaka 2011, na wanaotaka hoki huko huenda kuwatazama Gladiators wa ECHL. Arizona, Coyotes walipohamia Salt Lake City mwaka 2024, ilibakiwa na Roadrunners wa AHL mjini Tucson, ambao sasa wanawalea vijana wa timu hiyohiyo iliyoondoka. Nikiwalinganisha na hao, naona Hartford tuna jambo moja la kushukuru: timu yetu ya ligi ndogo imekaa. Wolf Pack wamecheza hapa misimu mingi kuliko 18 ile ya Whalers katika NHL, na wapo watu wazima wenye watoto ambao timu ya utoto wao ni hii.

Je, NHL itarudi Hartford?

Tangu 1997 ligi imefungua timu mpya Nashville, Atlanta, Columbus, Minnesota, Las Vegas na Seattle, na Hartford haikuchaguliwa hata mara moja. Uwanja umekarabatiwa na tangu 2025 unaitwa PeoplesBank Arena. Hayo ndiyo ninayoweza kusema kwa uhakika. Ushauri wangu ni kwamba mtu asiende kuitazama Wolf Pack kama anayekaa kituoni kusubiri basi jingine.

Niko mbali. Ninaweza kufuatilia?

Unaweza. Mechi zote za AHL huonyeshwa moja kwa moja kwenye intaneti kwa malipo, kupitia huduma ya FloHockey. Tatizo la ndugu walioko Afrika Mashariki ni saa: mechi inayoanza Hartford saa moja usiku huwa ni saa tisa usiku Nairobi na Dar es Salaam wakati wa baridi, na saa nane usiku katika miezi ambayo Marekani husogeza saa mbele. Mechi za Jumapili alasiri ndizo zinazoweza kutazamwa bila kukosa usingizi. Msimu wa kawaida una mechi 72, kuanzia Oktoba hadi Aprili.

Je, mchezo huu upo Afrika Mashariki?

Upo Nairobi. Hoteli ya Panari, kwenye barabara ya Mombasa, ilifungua uwanja wa barafu mwaka 2005, na humo ikazaliwa timu ya Kenya Ice Lions, ambayo wachezaji wake mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wa NHL. Mwaka 2024 Kenya ilipokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Waliojifunza kusimama juu ya barafu katika hali ya hewa ya Nairobi wanalijua vyema suala la kuupenda mchezo bila kusubiri ligi kubwa ije kwao.

Ninakwenda kwa mara ya kwanza. Nifanyeje?

Vaa nguo nzito kuliko unavyodhani, hasa miguuni, kwa sababu baridi ya barafu hupanda kutoka sakafuni. Viti ni vingi kuliko watu, kwa hiyo hakuna haja ya kununua tiketi ya bei kubwa. Ninapendekeza ukae juu kidogo, kwenye kona, mara ya kwanza, ili uone timu zinavyojipanga. Mara ya pili kaa karibu na kioo, ili usikie. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20. Katika msimu wa kawaida, timu zikitoka sare huongezwa dakika tano za wachezaji watatu kwa watatu, na ikishindikana hupigwa penalti. Usijisumbue na sheria ya kuotea siku ya kwanza. Ukiona mwamuzi amenyoosha mkono na mchezo umesimama kwenye mstari wa buluu, ndiyo hiyo, nayo utaielewa kabla ya kipindi cha tatu.

Ukiwa na watoto, fika mapema, milango inapofunguliwa, mkashuke mpaka kwenye kioo wakati wachezaji wanapopasha misuli. Kile kisahani cheusi cha mpira mgumu wanachokisukuma kwa magongo hugandishwa kabla ya mechi ili kisidunde, na kikigonga kioo karibu na uso wa mtoto hutoa mlio ambao atausimulia shuleni. Mara nyingi mchezaji mmoja huokota kisahani kwa ncha ya gongo lake, akakirusha juu ya kioo kikaangukia mikononi mwa mtoto. Msome jina mgongoni mwa jezi yake na uliandike mahali, kwa kuwa wiki ijayo huenda hayupo. Kisha geuza uso juu umwonyeshe mtoto zile bendera, uanze na ya Howe, namba 9.